UFUNDI NA USAWA: MASOMO YA LODWAR NA KAKUMA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Halmashauri ya tawi imeniomba niseme nanyi juu ya sayansi na ufundi, yaani kama mitambo hii mipya yawasogeza watu pamoja au yazidi kuwatenga, huyu juu na yule chini. Ningeweza kusema habari za Ulaya na Marekani, lakini nimechagua nchi yetu wenyewe, tena pembe yake ya kaskazini: Lodwar, Kakuma na Turkana yote. Sababu ni kwamba huko mambo haya yaonekana waziwazi, hayakufichwa na majengo marefu.

Wengi wetu tukisikia jina la Turkana twafikiri jua, njaa na ngamia. Twadhani kwamba ufundi ni kitu cha kuteremka melini Mombasa, kikapanda bara, kikachoka njiani kabla ya kufika Lodwar. Fikira hiyo yafaa tuitupe. Mwaka 2011, mahali paitwapo Lomekwi, magharibi ya Ziwa Turkana, wataalamu walikuta mawe yaliyochongwa kwa mkono ili yafanyiwe kazi. Habari ilipotangazwa mwaka 2015 ilijulikana kuwa umri wake ni kama miaka 3,300,000. Hakuna vyombo vya kazi vya zamani kuliko hivyo vilivyokwisha kupatikana duniani. Basi nyundo yako na spana yangu, babu yao ni wa Turkana.

Tena mwaka 1984, huko Nariokotome, yalipatikana mabaki ya kijana aliyekufa miaka kama 1,500,000 iliyopita, na dunia nzima ikastaajabu. Aliyeuona mfupa wa kwanza hakuwa profesa. Alikuwa Bwana Kamoya Kimeu, ambaye mwaka 1960 aliajiriwa kama kibarua wa kuchimba, macho yake yakapata elimu kazini. Nasema haya ili tujue kwamba akili haikugawanywa kwa wilaya. Kilichogawanywa vibaya ni kitu kingine, nacho ndicho nitakachokieleza.

Nianze na kazi yetu wenyewe. Njia ya reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Baadaye yakajengwa matawi kuyafuata mashamba ya walowezi, na tawi moja lilifika Kitale mwaka 1926, likakoma hapo. Kutoka Kitale mpaka Lodwar ni karibu kilomita 300. Reli ilifuata mahindi na kahawa. Mbuzi wa Mturkana hakuhesabiwa kuwa mzigo. Tena serikali ya kikoloni iliifunga wilaya ile kwa sheria, mtu wa nje asiingie bila ruhusa. Ndiyo maana mwaka 1950 ilipotaka kumnyamazisha Bwana Makhan Singh, mmoja wa waanzilishi wa vyama vya wafanyakazi katika Kenya, ilimpeleka Lokitaung, na mwaka 1953 Mzee Kenyatta naye akapelekwa huko huko, kisha mwaka 1959 akahamishiwa Lodwar. Walipelekwa kwa kuwa ni mbali. Lakini umbali ule haukuumbwa na Mungu peke yake. Sehemu yake iliumbwa na mtu aliyeamua reli ikome wapi. Hili ndilo somo la kwanza: ufundi unaofika kwa jirani yako usifike kwako hukuacha nyuma zaidi ya pale ulipokuwa kabla haujaja.

Mtu atasema, basi dawa ni kupeleka mitambo. Sawa, lakini mitambo ilipelekwa. Huko Kalokol, kando ya ziwa, mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilijengwa kiwanda cha kugandisha samaki kwa msaada wa Norway. Kilikuwa kiwanda kizuri. Kilifanya kazi siku chache tu, kikasimama. Kugandisha samaki katika nchi ya joto kama ile kwataka stima nyingi na maji safi mengi, na gharama yake ilishinda bei ya samaki mwenyewe. Wavuvi na kina mama wakarudi kukausha samaki kwa jua na chumvi, ufundi ambao hauhitaji jenereta. Hili ni somo la pili: mtambo usioulizia hali ya mahali huwa sanamu. Wageni hurudi kwao, nao wenyeji huachiwa jengo.

Somo la tatu ni stima. Mto Turkwel wapita Lodwar. Juu ya mto huo, mpakani mwa Pokot Magharibi na Turkana, pana boma kubwa la maji lililomalizika mwaka 1991, lenye mitambo ya megawati 106. Nguvu yake ilichukuliwa kwa nyaya kwenda kusini mpaka Lessos, ikaingia katika stima ya taifa. Na Lodwar je? Kwa miaka mingi baada ya hapo Lodwar, mji mkubwa wa Turkana, iliendelea kupata stima yake kwa jenereta za dizeli, na dizeli hiyo yaletwa kwa lori kutoka kusini. Hebu fikirini: maji ya mto wao yawasha taa za wengine, nao wangoja lori.

Ng'ambo ya ziwa, Loiyangalani katika Marsabit, wanakoishi Waturkana, Wasamburu, Warendille na Waelmolo, yalisimamishwa mapangaboi 365 ya kuvuna upepo, megawati 310. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017, lakini njia ya nyaya ya zaidi ya kilomita 400 kwenda Suswa haikuwa tayari mpaka mwaka 2018. Sisi watu wa reli twaujua ujinga huo: ni kununua injini kabla ya kulaza mataruma. Na mwezi wa Oktoba 2021 mahakama ya ardhi iliyokaa Meru ilisema kwamba hati za ile ardhi, ekari 150,000, hazikupatikana kwa njia iliyo halali. Mafundi walipima mbio za upepo kwa uangalifu mkubwa. Haki ya mchungaji juu ya malisho yake haikupimwa hivyo.

Ndugu zangu, sisemi stima isiende kusini. Karakana zetu zaitaka, na hospitali zaitaka. Nasema hivi: nguzo ikipita juu ya boma la mtu, iache japo taa moja.

Watu wa Turkana hawakukaa kimya. Mafuta yaligunduliwa kusini mwa Turkana mwezi wa Machi 2012, na mwezi wa Juni 2018 malori yakaanza kuyachukua mafuta ghafi kwenda Mombasa. Mwezi huo huo wananchi waliyazuia malori. Hawakutaka zawadi, walitaka serikali iwalinde na majambazi wa mifugo, kwa kuwa waliona askari wako kulinda mafuta na hawako kulinda watu. Malori yakasimama kwa wiki kadhaa mpaka pakawa na mazungumzo. Chama cha wafanyakazi hakina haja ya kufundishwa maana ya jambo hilo. Sheria ya mafuta ya mwaka 2019 ikaandika kwamba katika fungu la serikali asilimia 20 ni ya serikali ya kaunti na asilimia 5 ni ya wananchi wa mahali. Iliyoandikwa ni kitu kimoja, na iliyotiwa mkononi ni kitu kingine. Lakini isingeandikwa, wangedai kwa kushika nini?

Somo la nne ni maji. Mwezi wa Septemba 2013 ilitangazwa kwamba kwa kutumia picha za rada kutoka angani, wataalamu wameona maziwa makubwa ya maji chini ya ardhi ya Turkana, moja Lotikipi na jingine karibu na Lodwar. Magazeti yakaandika kwamba kiu imekwisha. Visima vya majaribio vilipochimbwa, maji ya Lotikipi yakaonekana yana chumvi, hayanyweki bila kusafishwa kwa mitambo ya gharama. Hapana budi kuwapongeza wataalamu, maana si kazi ndogo kuona chini ya mchanga kutoka juu ya mawingu. Lakini mama wa Kakuma hachoti maji angani. Huyachota katika mchanga wa mto Tarach anaofukua kwa mikono, au katika pampu. Pampu ikifa, swali si la rada tena. Swali ni: ni nani hapa kijijini aliyefundishwa kuifungua, na kipuri chapatikana wapi? Fundi mmoja wa pampu mwenye sanduku lake la vyombo ana sayansi zaidi kwa kijiji kuliko picha mia.

Sasa tufike Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya watu waliokimbia vita Sudan, kisha wakaja wa nchi nyingine nyingi. Kakuma ina ufundi mpya kupita miji mingi ya bara. Tangu mwaka 2013 alama za vidole zimetumika kuwatambua wanaopokea chakula. Mwaka 2015 ulianza mpango wa Bamba Chakula, ambao mkimbizi alipata sehemu ya chakula chake kwa simu, akanunua dukani alichotaka. Hilo lilikuwa jambo jema, kwa kuwa mtu alichagua mwenyewe, na wenye maduka, wakimbizi na Waturkana, wakapata biashara.

Lakini angalieni upande wa pili. Mashine ya vidole haijui huruma. Vidole vilivyochakaa kwa kuchimba, kufua na kubeba kuni haisomi vizuri, na mwenye vidole laini hana taabu. Kadhalika simu: tangu mwaka 2007 Wakenya twatuma fedha kwa simu, hata mchungaji aweza kulipwa bei ya mbuzi wake asibebe noti njiani. Ila laini ya simu yataka kitambulisho, na kitambulisho kwa mtu wa kaskazini kimekuwa safari ndefu, na kwa mkimbizi safari ndefu zaidi. Zamani maskini alikuwa ni asiye na fedha. Siku hizi yuko na maskini mwingine, anayo fedha lakini hana namba.

Na liko jambo moja linalotuhusu sisi wanachama hasa. Kakuma wako wakimbizi wanaofanya kazi ya ukalimani, ualimu na uuguzi. Kwa miaka mingi, kwa kuwa hawakuwa na kibali cha kazi, hawakuhesabiwa kuwa wafanyakazi. Walipewa kitu kidogo cha kuwatia moyo, kilicho chini sana ya mshahara wa Mkenya aliye pembeni yake na kazi ile ile. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2021 yasema mkimbizi anayo haki ya kufanya kazi kwa kufuata sheria za nchi. Twajua mambo ya kazi moja na mishahara ya rangi mbalimbali. Wazee wa reli waliyapinga. Tusiyaache yarudi kwa jina jingine, kwa sababu mshahara wa jirani ukishushwa, wa kwako hushuka baadaye.

Basi ni kipi kipimo chetu? Mimi natoa maswali manne ya kuuliza kila mtambo mpya, uwe wa kompyuta ofisini au injini njiani. La kwanza: watu wa mahali waliulizwa? La pili: nani atafundishwa kuutengeneza ukiharibika? La tatu: faida yake yabaki wapi? La nne: nani atafungiwa nje kwa kukosa karatasi, lugha au fedha? Mtambo ukijibu vema yote manne, na tuupokee kwa ngoma. Ukishindwa, tusiuvunje; tudai ubadilishwe masharti. Penye miti hapana wajenzi, wasema wazee. Lakini Turkana wajenzi wapo na miti ipo. Kilichokosekana ni shoka kutiwa mkononi mwao.

Jambo hili si la kungoja. Mwezi wa Machi 2012 ulizinduliwa Lamu mpango mkubwa wa bandari na barabara, na ndani yake imo reli ya kutoka Lamu kupita Isiolo na Turkana kwenda Sudan Kusini. Reli hiyo haijajengwa. Sijui kama sisi tutaiona. Lakini najua kwamba siku itakapokuja, wataletwa madereva, mafundi na watu wa ishara kutoka mbali, na kijana wa Lodwar atapewa sururu, kama hatukusema leo.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba tawi lipeleke mambo matatu kwa makao makuu. Kwanza, katika kila mapatano na mwajiri tudai mafunzo kabla ya mtambo mpya, si barua ya kuachishwa baada yake. Pili, nafasi za uanafunzi wa ufundi zitengwe kwa vijana wa kaskazini, wavulana na wasichana, wala wasipimwe kwa vyeti ambavyo shule zao hazikuwapa nafasi ya kuvipata. Tatu, tuwaandikie wafanyakazi walioko Lodwar na Kakuma, madereva wa malori, mafundi wa pampu na wa stima, Wakenya na wakimbizi, tuwaulize wataka nini, ili tusiwe sisi nao kama wale waliopeleka kiwanda cha samaki.

Reli ilikoma Kitale kwa uamuzi wa watu wachache waliokaa mezani. Safari hii na sisi tuwe mezani.

Umoja ni nguvu.