Neno Moja Badala ya Mengi

Wewe unayejifunza Kiingereza, ukitaka kumtaja mtoto aliyefiwa na baba na mama, huna haja ya kuzunguka: sema orphan. Lasikika kwa f, lakini daftarini huandikwa kwa p na h. Ndiye yatima wetu huyo huyo. Mwandiko usiosomeka, kama ule wa baadhi ya matabibu, ni illegible. Na muda wa majuma mawili ni fortnight, neno la kale lililotokana na usiku kumi na nne, ambalo Mwingereza hulitumia sana, hali Mmarekani hulisikia kwa nadra. Neno moja badala ya mengi.

Wala usidhani lugha yetu ni fukara. Sisi husema juzi, naye Mwingereza hana budi kusema the day before yesterday, maneno manne!

Basi usiku wa leo twaa daftari. Kushoto andika maelezo marefu, kulia neno lake moja. Funika kulia kwa kiganja, soma kushoto kwa sauti, ulitamke lile lililofichika, ndipo ufunue. Maneno matatu kwa usiku yatosha. Neno likikukataa, lirudie kesho kabla ya kuongeza jipya.