Nyumba Zinaongezeka, Madawati Je?

(Maneno haya tuliyasema mbele ya wanachama wa vikundi vya kujisaidia, Kakamega. Tumeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakufika.)

Leo hatutaongea habari ya mbuzi wa maziwa wala ya mikopo. Tunataka tuongee habari ya ploti na madawati.

Ninyi wenyewe mnaona. Upande wa Lurambi, Amalemba na Shirere, mahali palipokuwa na mahindi sasa pana nyumba za kupangisha. Masinde Muliro ilipokuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007, wengi waliona faida ya kujenga vyumba, na kaunti zilipoanza mwaka 2013 wakaja wafanyakazi na familia zao. Hatulaumu mtu. Wengine wenu mmesomesha watoto kwa kodi ya nyumba hizo hizo, na kuna vikundi hapa vyenye ploti yao. Mungu awabariki.

Lakini hebu tufanye hesabu pamoja. Chukua ploti moja ya vyumba kumi. Tuseme vyumba sita vina familia, kila familia watoto wawili wa shule ya msingi. Hao ni watoto 12. Ploti nne za namna hiyo kwenye njia moja, ni watoto 48. Sasa kitabu cha usalama wa shule kilichotolewa na Wizara ya Elimu mwaka 2008 kinasema darasa la mita 7.2 kwa 5.4 ni la watoto 30 wakikaa mmoja mmoja, ama 40 wakikaa wawili wawili kwa dawati. Ploti nne zimejaza darasa zima, na watoto wanane wako mlangoni. Ni kweli hawatakuwa wote wa darasa moja, lakini nafasi zinazohitajika ni zilezile 48.

Mtasema, si mwalimu mkuu awakatae? Hawezi. Elimu ya msingi ni haki ya kila mtoto kwa Katiba, kifungu cha 53. Akimrudisha mtoto nyumbani, kesho mzazi atakuja na chifu. Basi anampokea, anambana kwenye dawati lenye watatu awe wa nne. Ndivyo ilivyokuwa tangu Januari 2003, karo ya shule za msingi ilipoondolewa, wanafunzi nchini wakapanda mwaka ule kutoka karibu milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Halafu mwaka 2023 sekondari ya chini ikawekwa katika shule za msingi, nayo inataka vyumba vyake na maabara. Kiwanja ni kile kile.

Na msongamano si jambo la alama za mtihani peke yake. Tarehe 3 Februari 2020, jioni, watoto wa Kakamega Primary walikuwa wakishuka ngazi kwenda nyumbani. Shule ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 3,000. Walikanyagana pale ngazini, na watoto wasiopungua 14 wakafa. Mengi yalisemwa kuhusu kilichowashtua, na hatuko hapa kumhukumu mtu. Tunalosema ni kwamba kitabu kile cha 2008 kilikuwa kimeshataja ngazi pana zenye vishikizo, na milango inayofunguka kwa nje. Anayeandika kanuni hizo anafikiria siku ambayo watoto wote watakimbia pamoja. Sisi wazazi huwa hatuifikirii siku hiyo.

Sasa shida yenyewe iko wapi? Kwa Katiba ya 2010, mipango ya ardhi na nyumba ni kazi ya kaunti. Shule za msingi na sekondari ni kazi ya serikali ya taifa. Kaunti imepewa chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Kwa hiyo anayepiga muhuri kwenye ramani ya nyumba siye anayejenga darasa. Mmoja yuko ofisi hii, mwingine yuko ofisi ile, na hatujaona kanuni inayomlazimisha wa kwanza kumwuliza wa pili, "Watoto wa hapa watakaa wapi?"

Kuna mahali wamejaribu. Kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland huko Marekani, ilitunga sheria mwaka 1973 kwamba nyumba zisiidhinishwe kama huduma hazitoshi. Baadaye shule za eneo zikipita asilimia 120 ya nafasi zake, vibali vya nyumba mpya vilisimama. Lakini mwaka 2020 waliondoa kusimamisha huko kwa sehemu kubwa ya kaunti. Waligundua kwamba watoto wengi walitoka nyumba za zamani: wazee wanahama, familia changa inaingia. Kwa hiyo hatuwaambii mkazuie watu kujenga. Kuzuia nyumba hakuezeki darasa hata bati moja. Isitoshe, kijana wa kwetu akikosa chumba hapa atapanga wapi?

Tunachotaka ni hesabu ya watoto ifike mezani kabla ya muhuri. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 imetupa mlango. Anayeomba kibali lazima atangaze kwa umma, na mwananchi anaweza kupeleka pingamizi kwa waziri wa kaunti anayehusika. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 14 za kukata rufani kwa kamati ya upatanisho ya kaunti. Ila mjue hili: siku 60 zikipita bila jibu la maandishi, mwombaji huchukuliwa kuwa amekubaliwa. Kwa hiyo tangazo likibandikwa, msingoje mkutano wa mwisho wa mwezi.

Na barua isiseme "hatutaki". Iseme: shule yetu ina madarasa haya, watoto hawa, choo hizi, shamba hili likigawanywa tunaomba kipande kiachwe cha shule. Nakala moja mpe mwalimu mkuu na halmashauri ya shule, nyingine ofisi ya elimu, nyingine kamati ya CDF, maana hao ndio wajengao madarasa mengi siku hizi.

Kila kikundi kichague watu wawili wenye mwandiko mzuri. Mmoja ahesabu ploti, mwingine aende shuleni kwa adabu, aombe hesabu za mwalimu. Liguru ajulishwe kwanza, asije akadhani mnatafuta kodi. Daftari zikiwa tayari zileteni ofisini kwetu. Siku za soko tuko hapo hadi saa nane, na karatasi ya kuandikia barua ipo.