MAZUNGUMZO YA AFYA: KUVU WA TUMBONI NA UNENE



Ndani ya utumbo wa binadamu mna kuvu, wachache wakilinganishwa na bakteria. Mwaka 2015 watafiti nchini Hispania walieleza kuwa watu wanene mno walikuwa na kuvu aina ya Mucor wachache kuliko wasio wanene. Kwa waliopungua uzito, kuvu hao waliongezeka. Haikuthibitishwa kwamba kuvu ndio waliowapunguza.

Jambo hilo lizingatiwe, kwani Mucor huota pia juu ya mkate uliolala. Asitokee mtu akala ukungu kwa kutaka wembamba. Njugu na mahindi yenye ukungu huweza kuwa na sumukuvu, iharibuyo ini, na kupikwa hakuiondoi yote. Vyakula hivyo vitupwe, wala wasipewe kuku.