Kabla ya kuuza parseli juu ya MBA

Maneno tuliyosoma mbele ya vijana, Nguba, Bukavu, tarehe 14 Septemba 2024



Tunaanza na habari ambayo wengi wenu munaijua, juu ilipita kwenye simu zetu zote. Familia moja ya hapa kartye ilikata nusu ya parseli yake na kuiuza. Feza ilikuwa ya kumtuma kijana wao, mwenye lisansi ya jestioni, akasome MBA Kanada. Mtu wa katikati, anayejiita ajenti, alichukua dola 1,500 za "kufungua dosye". Kisha wiki tatu akaleta barua ya kukubaliwa, yenye bendera na muhuri. Sisi watano tuliisoma barua ile usiku, kwa mwangaza wa simu. Jina la shule lilikuwa limeandikwa namna mbili kwenye ukurasa uleule. Tukaandikia shule yenyewe. Wakajibu kisha siku mbili: hawana mwanafunzi wa jina hilo. Namba ya ajenti haipatikane tena.

Mama wa kijana alituambia: "Nilizani nalipia mutoto njia, kumbe nalipia mwizi."

Hatukuja hapa kucheka familia ile. Sisi tunaosema nanyi leo tuko na lisansi, na tuko shomeri. Kila mmoja wetu ameshafungua kurasa za shule za ng'ambo saa sita za usiku, wakati megabaiti ni za bei ndogo. Mmoja wetu alimpa mtu kama yule dola 100 mwaka 2022, akanyamaza juu ya haya. Kama angalisema wakati ule, pengine parseli ile ingalikuwa nzima. Ndiyo maana leo tunasema.

MBA ni kitu gani? Watu wanaitamka kama dawa. Ni masta ya uongozi wa biashara. Harvard ndiyo walioanzisha, mwaka 1908. Lakini jina hilo peke yake halilindwe fasi nyingi duniani: mtu yeyote mwenye chumba na printa anaweza kuandika MBA kwenye karatasi. Ndiyo sababu kuna mashirika yanayopima shule hizo, na makubwa ni matatu: AACSB, EQUIS na AMBA. Hapa Afrika, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Cape Town na ile ya Chuo Kikuu cha Kimarekani cha Cairo zimepata yote matatu. Zingine nyingi ni nzuri bila hayo, lakini shule isiyotambuliwa na mtu yeyote, hata na serikali ya nchi yake, usiipe hata franga moja.

Sasa sikilizeni vizuri, juu hapa ndipo ajenti hasemi kitu. AMBA inaomba kwamba anayeingia MBA awe amefanya kazi miaka 3 kisha diploma yake. Shule ile haikutengenezwa kwa mtu aliyetoka tu kwenye auditwari. Ilitengenezwa kwa mtu ambaye tayari ameongoza wengine, amepoteza feza ya mkubwa wake, amegombana na mteja, na sasa anataka kuelewa kwa nini.

Na sisi? Nendeni musome matangazo ya kazi kwenye kuta za mji huu. Lisansi, Kiingereza, miaka 5 ya eksperiansi. Mlango wa kazi unaomba kazi. Tunasema basi tutaenda kusoma, na mlango wa shule nao unaomba kazi. Tunabaki katikati, na ajenti anatungojea pale pale katikati.

Tuje kwenye feza. Kanada, tangu tarehe 1 Januari 2024, mwanafunzi aliyeenda peke yake alipashwa kuonyesha dola za Kanada 20,635. Hiyo haiko minervali. Ni ya kula na kulala tu, minervali iko kando na tikiti ya ndege iko kando. Ujerumani, tangu mwezi wa 9 mwaka 2024, ni euro 11,904 zilizofungiwa kwenye konti, wanakupa 992 kila mwezi. Ufaransa, vyuo vya serikali viko na bei yao kwa wageni wanaotoka nje ya Ulaya: mwaka wa masomo 2023-2024 ilikuwa euro 3,770 kwa mwaka wa masta, ingawa vyuo vingine vinasamehe. Ukiomba viza ya Marekani ya kusoma, karatasi mbili peke yake, ile ya viza na ile ya SEVIS, zinapita dola 500. Na dosye nyingi zinapita Kinshasa. Mwaka 2024, toka hapa hadi Kinshasa ilikuwa ndege ya Kavumu, munajua bei.

Kuna wanaosema: "Hakuna shida, nitakukodishia feza kwenye konti wiki mbili, kisha nitaitoa." Usikubali. Kanada wakikuta umewadanganya kwenye dosye, wanakufungia mlango miaka 5. Ajenti hafungiwe, wewe ndiye unafungiwa.

Jambo lingine dogo, lakini limeangusha wengi. Lisansi yetu ya zamani ilikuwa gradua miaka 3 na lisansi miaka 2, jumla miaka 5. Mfumo wa LMD uliingia kwetu mwaka wa masomo 2021-2022. Kule Ufaransa na Ubelgiji, lisansi, au bachelier kama Wabelgiji wanavyosema, ni miaka 3 tu. Ukiandika "lisansi" bila kueleza, msomaji wa dosye anakata miaka yako 2 bila hata kujua. Andika kila mwaka uliosoma, na uweke releve za miaka yote 5.

Releve! Hapo tunafika nyumbani kwetu. Mmoja wetu alingoja releve zake miezi minne kwenye biro moja ya chuo. Kila wiki: mkubwa hayuko, wino umeisha, rudi kesho. Siku alipotoa matabishi, zilitoka kisha saa moja. Tarehe ya mwisho ya bursi ilikuwa imepita siku sita. Tunaomba waziwazi wakubwa wa vyuo vya mji huu, vya serikali na vya binafsi: andikeni mlangoni bei ya releve na idadi ya siku, na muheshimu. Haiombe bajeti. Inaomba karatasi moja na gundi.

Basi tufanye nini? Hatuna jibu kubwa, tuko na mambo mawili tuliyoyapima.

La kwanza, tuangalie karibu. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kenya iliondoa viza kwa Wakongomani tangu Septemba 2023. Kampala kuna Shule ya Biashara ya Makerere, pale Nakawa. Nairobi kuna Strathmore na Chuo Kikuu cha Nairobi. Arusha kuna ESAMI. Hapa Nguba tunatembea kwa miguu hadi Ruzizi ya Kwanza, tunavuka, na basi inatufikisha Kigali, kisha Kampala, bila kupanda ndege hata mara moja. Hatusemi ni bure. Hatusemi ni rahisi, juu masomo ni ya Kiingereza, na Kiingereza chetu tunakijua. Lakini unaweza kwenda kuuliza mwenyewe, uone mlango, uone wanafunzi, urudi. Ajenti hana la kukuuzia. Watacheka Kiswahili chetu, "fasi" na "feza". Tutazoea, na wao pia.

La pili ni saa. Bursi ya Chevening ya Waingereza, ambayo Wakongomani wanaruhusiwa kuiomba, inadai saa 2,800 za kazi. Na hapa kuna kitu wengi hawajui: kazi ya kujitolea inahesabiwa, hata staji bila mshahara. Tulipiga hesabu. Saa 20 kwa wiki ni wiki 140, karibu miaka 3. Miaka 3 tumeshaipoteza tukingoja!

Yule dada yetu anayeshika daftari ya sambaza ya mama yake: nani anadaiwa, nani amelipa, beseni ngapi zimeoza wakati mvua imekatisha njia. Yule anayesimamia meza tatu za Airtel Money na vijana wawili. Anayetunza feza ya likirimba ya watu 20 bila kupotea franga. Hiyo ni kazi, ndugu. Shida ni kwamba haiandikwe popote. Hakuna kontra, hakuna barua, hakuna mtu wa kusema "ndiyo, nilimuona akifanya". Kwa hiyo tunaanza daftari za saa: tarehe, kazi, saa ngapi, nani alishuhudia na namba yake. Hatutaandika uongo. Anayetaka kuandika uongo, ajenti wake yuko.

Kati yetu kuna waliopinga maneno haya. Walisema: sisi tunaolilia mji huu, tunafundishaje watu kuukimbia? Tulibishana hadi usiku na hatukupatana. Wengine wetu wanasema anayeenda amekwenda. Wengine wanasema mji huu una watu wengi wa kulalamika na wachache wanaojua kusoma bajeti ya komine. Chevening wenyewe wanakudai urudi kwenu miaka 2 kisha masomo. Pengine na sisi tuwadai wenzetu hivyo hivyo. Tutaendelea kubishana.

Jumamosi ijayo, saa tisa, tunakutana hapa hapa. Leta releve zako, hata kama hazijatimia, na daftari moja tupu. Kama umepata barua ya kukubaliwa na hauiamini, ilete, tutaandikia shule pamoja, hailipiwe.

Na Jumanne, saa tatu ya asubuhi, tunamsindikiza yule mama kupeleka mashtaka yake parke. Anaogopa kwenda peke yake. Tunaondokea soko la Nguba. Mwingine aliyelipa mtu yule aje na karatasi yake, hata kama anasikia haya. Tumeshahesabu watu wanne.