Kisukari, Asili na Makazi: Kwa Nini Ugonjwa Mmoja Hauwapati Watu kwa Kiwango Kimoja

Mwaka 1989, timu ya Donald McLarty wa Dar es Salaam ilichapisha matokeo ya kupima zaidi ya watu 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari hawakufika hata mmoja kati ya mia. Miaka miwili baadaye, Kaushik Ramaiya na wenzake wakatoa matokeo ya jumuiya saba za Wahindu wa jijini Dar es Salaam, na huko aliyeugua alikuwa karibu mmoja kati ya kumi. Nchi moja na ugonjwa mmoja, lakini pengo la takriban mara kumi.

Mtaani jibu lilikuwa tayari: huo ni ugonjwa wa Wahindi. Wengine walisema ni ugonjwa wa wenye nacho, na wote wawili walidhani wamemaliza maneno. Lakini utafiti uleule wa 1991 ulikuwa na jambo la pili ambalo halikuvuma: zile jumuiya saba zenyewe zilitofautiana sana, ingawa watu wake waliishi jiji moja na mtu wa nje asingeweza kuwatenganisha. Kama asili ingekuwa jibu lote, tofauti hiyo isingekuwapo.

Mhadhara huu unahusu kisukari cha aina ya pili, kile ambacho mwili huwa na insulini lakini haifanyi kazi ipasavyo, mpaka kongosho linazidiwa. Hoja yake ni kwamba jina la kabila au taifa humwonyesha mtafiti pa kuanzia kuchimba. Anachokwenda kukikuta huko chini kwa kawaida ni maji, kazi, chakula na historia ya kuzaliwa, vyote vikikutana na urithi wa vinasaba ambao mara nyingi una sehemu ndogo kuliko inavyodhaniwa. Namna nzuri ya kuipima hoja hiyo ni kutafuta watu wa asili moja waliotenganishwa na makazi, kisha watu wa asili mbalimbali waliokutanishwa na makazi.

Mfano mashuhuri wa kundi la kwanza ni Wapima, ambao wenyewe hujiita Akimel O'odham, yaani watu wa mto. Mto huo ni Gila, katika jimbo la Arizona, Marekani. Kwa karne nyingi walichimba mifereji, wakalima maharage na mahindi, na wakasaga maganda ya mti wa jangwani uitwao meskiti. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 walowezi waliokaa upande wa juu wa mto walianza kuyageuza maji kwenda mashambani mwao. Mto ukakauka, mashamba yakafa, njaa ikaingia. Baadaye ukaja msaada wa serikali: unga mweupe, sukari na mafuta ya nguruwe. Watafiti wa taasisi za afya za Marekani walipoanza kuwafuatilia mwaka 1965, walikuta kiwango cha kisukari kilichokuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani.

Kwa miongo mingi Wapima walitajwa vitabuni kama ushahidi wa damu mbovu. Ila wana ndugu zao ng'ambo ya mpaka, katika milima ya Sonora nchini Mexico, kwenye kijiji cha Maycoba. Mwaka 1995 watafiti waliwapima watu wazima wa huko. Kisukari kilikuwa asilimia 6.9, ilhali kwa ndugu zao wa Arizona kilikuwa asilimia 38. Majirani wa Maycoba wasio Wapima walikuwa na asilimia 2.6, tofauti ambayo kitakwimu haikutosha kusema kwamba Wapima wa hapo wanatofautiana nao. Wanaume na wanawake wa Maycoba walikuwa wakulima wa jembe na plau, wakitembea mabondeni na kupanda milima, na walifanya kazi za nguvu kwa saa nyingi zaidi kila wiki kuliko wenzao wa Arizona.

Kwa kundi la pili, mhadhara unarudi Bahari ya Hindi. Mauritius ni kisiwa cha miwa ambako wakoloni waliwakusanya watu wa mabara mawili: watumwa kutoka Afrika na Madagaska, vibarua kutoka India, wafanyabiashara kutoka China. Mwaka 1987 wote walipimwa kwa utaratibu mmoja. Wahindi wa dini ya Kihindu walikuwa na kisukari kwa asilimia 12.4, Wahindi Waislamu 13.3, Wakrioli wenye asili ya Afrika 10.4, na Wachina 11.5. Kiwango hicho cha Wachina ndicho kilichowashtua wataalamu, kwa sababu China Bara wakati huo haikufika hata robo yake. Kisha miji ya China ikapanuka na viwanda vikajaa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2010, ingawa vigezo vyake vya upimaji havikulingana moja kwa moja na vya awali, ukakuta asilimia 11.6. Yaliyowapata Wachina wa kisiwani yaliwafikia wa nyumbani robo karne baadaye.

Tanzania nayo ina kipimo chake, na pengine ndicho kinachofaa kuangaliwa kwa karibu zaidi. Katika miaka ya 1996 na 1997, kisukari kwa wanaume kilikuwa asilimia 5.9 huko Ilala, Dar es Salaam, na 1.7 katika kijiji cha Shari, Kilimanjaro. Kwa wanawake kilikuwa 5.7 mjini na 1.1 kijijini. Lakini wa mjini na wa kijijini huenda ni watu tofauti tangu mwanzo. Ndipo timu nyingine ikaamua kufuatana na wahamaji wenyewe: watu 209 wa Morogoro walipimwa kabla ya kuhamia Dar es Salaam, kisha wakapimwa tena baada ya kuhama.

Mwaka mmoja tu ulitosha. Wanaume waliokuwa wakifanya kazi nzito walishuka kutoka asilimia 79.4 hadi 26.5, na wanawake kutoka 37.8 hadi 15.6. Uzito uliongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo mbili kwa mtu. Anayedhani lawama zote ni za chipsi na soda atashangaa, kwa kuwa wahamaji hao walikula nyama zaidi, na matunda na mboga pia zaidi kuliko kijijini. Kilichoporomoka waziwazi ni kazi ya mwili. Jembe lilibaki Morogoro, na mjini kuna daladala.

Hata hivyo, si haki kusema makazi ni yote. Mwaka 2004 madaktari wawili, Chittaranjan Yajnik wa Pune, India, na John Yudkin wa London, walichapisha picha yao wakiwa wamesimama bega kwa bega katika jarida la Lancet. Uwiano wao wa uzito na urefu ulikuwa sawasawa, 22.3, ambao kila kliniki huuita mzuri. Mafuta mwilini mwa Yudkin yalikuwa asilimia 9.1, na mwilini mwa Yajnik asilimia 21.2. Yajnik na wenzake walikuwa wameshaonyesha kwamba jambo hilo huanza tumboni mwa mama: watoto wa vijiji vya Pune walizaliwa na wastani wa kilo 2.7, wale wa Southampton, Uingereza, kilo 3.5, lakini upungufu wa Wahindi ulikuwa zaidi kwenye misuli na viungo vya ndani kuliko kwenye mafuta. Mtoto aliyejengwa kwa uhaba, kisha akakulia kwenye wingi, huingia utu uzima na kongosho lisilo na akiba kubwa.

Vinasaba navyo vimeanza kusema, na vinasema kinyume cha ilivyotarajiwa. Mwaka 1962 James Neel alidai kwamba waliookoka njaa za kale walirithi jeni za kubana matumizi, ambazo leo zinawaletea kisukari. Mwaka 2016 ilipatikana jeni ya namna hiyo Samoa: takriban nusu ya watu wana angalau nakala moja, na kweli huongeza unene. Lakini wenye nayo wana kisukari kidogo kuliko wasio nayo. Greenland, kwa upande mwingine, kuna badiliko la jeni ambalo huwazidishia hatari mara kumi hivi wale waliolirithi kwa baba na kwa mama. Kila jamii ina kisa chake, na hakuna jeni moja ya kisukari ya Waafrika au ya Waasia.

Asili hujitokeza tena mahali ambapo wengi hawapatazamii, kwenye kipimo chenyewe. HbA1c hupima sukari iliyonata kwenye seli nyekundu za damu kwa muda wa miezi miwili mitatu. Seli zikifa mapema, sukari haipati muda wa kunata na majibu hutoka mazuri kuliko hali halisi. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba wanaume wenye aina ya upungufu wa kimeng'enya cha G6PD inayopatikana kwa Waafrika husomeka pungufu kwa pointi 0.8 hivi. Wenye jeni moja ya selimundu nao husomeka pungufu, ingawa kwa kiasi kidogo. Hali zote mbili zimeenea palipo na malaria, kwa kuwa zinakinga dhidi yake. Kwa hiyo mgonjwa wa Pwani au Kanda ya Ziwa anaweza kuambiwa yuko salama wakati sukari yake iko juu.

Mwaka 2012 uchunguzi wa kitaifa ulikuta kisukari kwa asilimia 9.1 ya Watanzania wa miaka 25 hadi 64, karibu sawa na Wahindu wa Dar es Salaam wa mwaka 1991. Kwa kliniki za nchi hii hatua ya kwanza ni kupima sukari ya asubuhi kabla ya kula badala ya kutegemea HbA1c peke yake. Ya pili ni kubadili maswali ya daftari la mgonjwa: alizaliwa wapi, alihamia mjini mwaka gani, anafanya kazi ya kukaa au ya nguvu, mama yake aliwahi kuugua kisukari, na uzito wake wa kuzaliwa ulikuwa kilo ngapi. Swali hilo la mwisho kwa vijana wengi linajibika, kwani uzito huo huandikwa kwenye kadi ya kliniki ya mtoto, na akina mama wengi bado wanazo.