Tumbo la Kifaranga na Fedha za Mchango Wetu



Mheshimiwa mgeni rasmi, Mwenyekiti wa chama chetu, wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu wana-Mafia mliokuja kutoka nyumbani na ninyi mnaoishi hapa mjini. Mhazini akisimama, watu hushika mifuko yao. Leo naomba mnisikilize kwanza, mifuko tutaifikia baadaye.

Mwaka jana mlichanga, na sehemu ya mchango ule ilinunua vifaranga 300 kwa ajili ya kikundi cha akina mama kule nyumbani. Hadi wiki ya tano walikuwa wamekufa 118. Mimi ndiye niliyeandika hasara hiyo kwenye daftari, na kabla ya kuiandika nilipanda boti pale Nyamisati nikaenda kuona kwa macho yangu. Mimi si bwana mifugo. Niliongozana na afisa mifugo, naye ndiye aliyenifundisha haya ninayowaeleza.

Jambo la kwanza alilonionyesha ni risiti. Katika kila shilingi 100 zilizotumika baada ya kununua vifaranga, shilingi 27 zilikwenda kwenye unga wa dawa na viongeza vya chakula. Kulikuwa na vitamini, antibiotiki, dawa ya kuhara damu, na pakiti moja iliyosemwa "inakuza". Akina mama wasilaumiwe. Muuza dawa aliwaambia wachanganye vyote kwenye maji kila siku, nao wakafuata. Sisi tulituma fedha bila kumtuma mtu wa kuwaelekeza.

Afisa mifugo akanieleza kwamba kifaranga anapototolewa hubaki na kiini cha yai tumboni kinachoweza kumtunza siku 2 hadi 3. Ndiyo maana anaweza kusafirishwa kutoka Dar es Salaam hadi Kilindoni akafika hai. Lakini utumbo wake bado ni mchanga. Hukua haraka katika wiki ya kwanza, na hukua vizuri akipata maji na chakula mapema. Siku hizohizo vijidudu huhamia tumboni, vizuri na vibaya. Wakitangulia wazuri, wabaya hukosa nafasi. Ukimwaga antibiotiki bila ugonjwa unaojulikana, unaua hata wale walinzi wake. Tena unazalisha vijidudu sugu, ambavyo kesho vitamsumbua mtoto wako akiugua.

Kuhusu kuhara damu, yaani koksidiosisi, ugonjwa huu hauletwi na bakteria. Huletwa na kimelea anayezaliana kwenye utumbo, na mayai yake hukomaa kwenye maranda yenye unyevu na joto. Nyumbani kwetu unyevu na joto havinunuliwi. Dawa iitwayo amproliamu humnyima kimelea huyo vitamini B1. Sasa wewe ukiweka amproliamu na vitamini B kwenye chombo kimoja cha maji, mkono mmoja unamnyima na mwingine unamlisha. Kikundi chetu kilifanya hivyo kwa wiki mbili, kwa fedha zetu.

Tukaenda kwenye chakula. Magunia yalikuwa chini, juu ya sakafu inayotoa maji. Mawili yalikuwa na ukungu. Chakula chenye ukungu kinaweza kuwa na sumukuvu, na sumu hiyo huharibu ini na kumwondolea kifaranga kinga. Dagaa walikuwa wamekaushwa chini, wana mchanga na chumvi nyingi. Chumvi ikizidi, kifaranga hunywa maji mno, huharisha, maranda hulowa, na pale kimelea wa kuhara damu hupata makazi.

Na machicha ya nazi, ndugu zangu. Hakuna nyumba Mafia isiyotupia kuku machicha. Kuku mkubwa anayazoa bila shida. Kwa kifaranga yana nyuzinyuzi nyingi na protini kidogo, humjaza tumbo bila kumjenga. Tena yakipigwa na jua la adhuhuri huchacha. Mashudu ya nazi yaliyokamuliwa mafuta ni afadhali, lakini nayo kwa kifaranga yawe kidogo, yawe makavu, yasinuke.

Msidhani ni sisi tu. Elimu kubwa ya tumbo la mnyama mchanga imetoka kwa wafugaji wa nguruwe wa Ulaya. Sisi hatumfugi mnyama huyo, lakini somo lao linatufaa. Kwa miaka mingi waliweka antibiotiki kwenye chakula cha watoto wa nguruwe ili wakue upesi. Uswidi ilipiga marufuku mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukamaliza kazi hiyo tarehe 1 Januari 2006. Kule Uswidi mwanzoni watoto wa nguruwe walioachishwa kunyonya waliharisha zaidi. Wafugaji walibadilisha mabanda, usafi, chakula na umri wa kuwaachisha. Walichogundua ni kwamba dawa ile ilikuwa inafunika uchafu na haraka zao.

Sisemi viongeza vyote havina kazi. Premiksi ya vitamini na madini ni lazima unapochanganya chakula mwenyewe. Probiotiki, yaani bakteria wazuri waliokaushwa, zinaweza kusaidia, ila ukiziweka kwenye maji yenye klorini au pamoja na antibiotiki unawaua kabla hawajafika tumboni. Kila kimoja kina siku yake na kipimo chake, na hakuna hata kimoja kinachotibu banda bichi.

Wala hakuna unga unaozuia mdondo. Huo kinga yake ni chanjo. Ipo ya I-2, inayotengenezwa Kibaha, humuhumu mkoani kwetu Pwani. Ni tone moja jichoni, na hurudiwa kila baada ya miezi 3.

Tulijaribu tena. Kikundi kilekile kilipewa vifaranga 200. Walipofika walipewa maji safi kwanza, kisha chakula. Magunia yaliwekwa juu ya chanja. Dagaa walichekechwa. Maranda yaligeuzwa kila siku na yaliyolowa yakatolewa. Dawa haikununuliwa mpaka afisa mifugo aseme. Wiki ya tano walikuwa wamekufa 14, na fedha za dawa na viongeza zilishuka kutoka shilingi 27 hadi 6 katika kila 100. Banda moja si utafiti, hilo nalijua. Lakini daftari ni lilelile, na mwandishi ni mimi yuleyule.

Sasa tumefika kwenye mifuko. Kuna pendekezo kwamba mchango wa mwaka huu ununue dawa na viongeza vigawiwe kwa vikundi vyote. Wenye pendekezo wana nia njema, na naelewa kwa nini: unga unagawiwa siku moja, picha inapigwa, kila mtu anaondoka na chake. Mimi kama mhazini naomba tusifanye hivyo. Naomba tujenge stoo moja kavu yenye chanja, tununue mizani ya kupimia chakula, vichekecheo, na jokofu dogo la chanjo, na tutenge nauli ya afisa mifugo kufika kwenye vikundi kila mwezi. Havivutii kwenye picha. Lakini mwakani nikisimama hapa, nataka niwasomee idadi ya kuku waliouzwa.

Wale 118 walikuwa ada za shule za watoto wa watu, na mama mmoja aliniambia hivyo bila kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Ndugu zangu, haba na haba hujaza kibaba, ila kibaba kisiwe kimetoboka. Tutoe, na tukishatoa tuulize kimetumika vipi. Daftari liko wazi kwa kila mwanachama.

Mungu aibariki Mafia.