Wote wanasema, hakuna anayejibu: maneno kisha kuangalia filme Slacker

Jenereta ilizimika mara mbili, na nyuma kule niliona wenye walilala. Mtu asione haya. Mie mara ya kwanza niliangalia hii filme kwenye simu, nikalala mbele ya kufika nusu. Walinipa nafasi ya kusema kidogo ju mie njo nilileta filme, basi nitasema yenye najua na yenye nafikiri, kisha tutaanza mazungumzo.

Filme inaitwa Slacker. Aliyeitengeneza ni Richard Linklater, na yote mliyoona ni mji wa Austin, kule Texas, Marekani. Waliipiga wakati wa joto mwaka 1989, ikaonyeshwa Austin mwaka 1990, kisha mwaka 1991 ikaenda katika majumba ya sinema ya inchi nzima. Ilikula karibu dola 23 000. Kwetu hapa Butembo hiyo feza mtu anafungua nayo duka, lakini kwa sinema ya Marekani ni kama hakuna kitu. Ni kwa sababu hiyo hamkuona gari kulipuka. Watu wengi mliowaona si waigizaji wa kazi: ni marafiki, wanamuziki, watu wa mtaa, na wao wenyewe walisaidia kupanga maneno yenye walisema.

Slacker maana yake ni mtu anayekwepa kazi, mvivu. Lakini neno hilo lilikuwa na ukali kuliko hapo. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, Marekani waliita hivyo vijana wenye hawakuenda kujiandikisha jeshini, na mwaka 1918 polisi na askari walikuwa wanazingira vituo vya treni na barabara, wanasimamisha kila kijana wa kiume: onyesha karatasi yako. Mwenye hakuwa nayo alipelekwa. Tunajua namna hiyo ya kuulizwa karatasi, sina haja ya kueleza. Linklater alichukua tusi hilo akaliandika juu ya filme yake bila kuomba msamaha.

Sasa, wengi mumeniuliza: hadithi iko wapi? Hadithi haiko. Ni siku moja tu, kuanzia asubuhi mapema mpaka asubuhi ingine. Kamera inafuata mtu dakika chache, anapitana na mwingine, kamera inaacha wa kwanza inaenda na wa pili. Namna hiyo mpaka watu wanafika karibu mia moja. Hakuna anayerudi. Hata majina hawana: mwisho, pahali majina yanaandikwa, kila mtu anaitwa kwa jambo alilofanya. Yule wa kwanza kabisa, kijana anayeshuka basi na kupanda teksi, njo Linklater mwenyewe. Anamwelezea dereva ndoto yake, kwamba kila njia ambayo mtu hakuichukua inaendelea pahali pengine kama maisha ya kweli. Anasema, anasema, anasema. Mlimwangalia dereva? Hajibu hata neno moja.

Nawaomba mushike huyo dereva kichwani.

Kisha kuko yule wa duka la vitabu, anayemkamata dada mmoja aliyesoma naye zamani, anamwambia habari yote ya kuuawa kwa Kennedy pale Dallas mwaka 1963, na kitabu anachoandika. Dada anasimama kwa adabu, anatafuta njia ya kutoka. Dada zetu hapa walicheka sana kwenye sehemu ile, na nafikiri najua sababu. Kuko yule anayeuza kitu ndani ya chupa kidogo, anaapa kwamba kimetoka kwenye mwili wa Madonna, yule mwimbaji. Kuko mwenye chumba kimejaa televizyo. Kuko yule kijana anayetoka kwenye mazishi ya baba yake wa kambo, wanamkuta na kamera barabarani, anasema yeye kufanya kazi hataki, anaishi vibaya lakini angalau hafanyi kazi ili aishi vibaya.

Hapo mulipiga kelele. Mmoja alisema: «Huyu atukuje hapa wiki moja!» Nakubali. Mie pia nilikasirika naye. Sisi kazi haikukataliwa nasi, sisi njo tulikataliwa nayo. Niko na diploma tangu miaka miwili na nusu, iko ndani ya plastiki ili mvua isiingie, nimeitolea kopi mpaka mwenye mashine ya kopi ananijua kwa jina. Na katika mji wetu huu wa biashara, pahali mtoto wa miaka kumi anajua bei ya sabuni ya jumla, kijana kukaa bure ni haya ya familia nzima. Papa hasemi kitu. Asubuhi ananiangalia viatu tu, kama nimevaa ao sijavaa.

Lakini muangalie pia wao walikaa bure juu ya nini. Austin ni mji wa serikali ya Texas, na ni mji wa chuo kikuu kikubwa sana. Mwaka 1986 bei ya petroli ilianguka, na Texas yote ilikuwa inasimama juu ya petroli: benki zikafungwa, nyumba zikabaki bila watu, kodi ikawa rahisi. Mwenye alimaliza masomo, ao aliacha katikati, aliweza kukaa na wenzake katika nyumba moja ya zamani, afanye kazi siku mbili kwa wiki, siku zingine asome vitabu na apige gitaa. Uvivu wao ulikuwa na kodi ya chini nyuma yake. Leo Austin ni mji wa kampuni kubwa za kompyuta, nyumba zimekuwa ghali, na watu wa namna ile wengi hawawezi tena kulipa hapo. Kwa hiyo tusiseme haraka kwamba wao walikuwa na tabia fulani na sisi tuko na tabia ingine. Kwanza uliza garanti ya nyumba ni dola ngapi.

Linklater mwenyewe aliacha chuo, akaenda kufanya kazi kwenye mitambo ya petroli ndani ya bahari, Ghuba ya Mexico. Na feza aliyoweka njo alinunua kamera, akakuja Austin. Mwaka 1985 alianzisha na wenzake chama cha kuonyesha filme zenye hakuna aliyekuwa anazileta mjini. Nasema hivyo ju wengine wetu tutatoka hapa tukidhani filme ilitoka kwa mtu aliyelala. Hapana. Na kisha ilileta zaidi ya dola milioni moja, na mwaka 2012 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka kati ya filme za kulindwa. Sawa. Hayo mutayasoma wenyewe.

Sasa nifike kwenye yenye ilinifanya niilete hapa.

Mnajua pale mbele ya butike, kwenye jiwe kubwa, tulikuwa tunakutana watano. Wote tumesoma. Mmoja sheria, mmoja agronomia, wawili uchumi, na mie. Kila asubuhi saa tatu tuko pale, mpaka jua linatufukuza. Tunasema politike, mpira, concours gani imetangazwa, nani amepata kwa njia gani. Yule wa agronomia alikuwa mpole. Alisema pia, lakini sauti yake ilikuwa chini, na kila mara aliposema, sisi wengine tulikuwa tunangoja amalize ili kila mtu aseme lake.

Siku moja hakukuja. Kesho yake hakukuja. Siku ya nne tulipita kwao, mama yake akashangaa: «Nyinyi hamujui? Si nyinyi njo rafiki zake? Alienda kwenye mashimo ya dhahabu, alisema aliwaambia.»

Aliwaambia. Na ni kweli, alituambia. Tulirudi kwenye jiwe, tukaanza kutafuta kichwani. Mmoja akakumbuka alisema kuhusu binamu yake mwenye shimo. Mwingine akakumbuka alisema deni la mama. Jina la pahali alilitaja, wote tunajua kwamba alilitaja, lakini hakuna hata mmoja aliyelishika. Tunajua ni upande wa Ituri, basi. Simu yake haipite mpaka leo. Ituri ni kubwa, na munajua njia yenyewe.

Miezi miwili kisha ile, nikaangalia hii filme mara ya pili, na safari hii sikulala. Niliona jiwe letu. Wale watu wa Austin si wajinga: wamesoma, wanajua mambo ya vita, ya serikali, ya vitabu. Kila mtu anatoa yenye iko moyoni kwake mbele ya mwenzake, na mwenzake anangoja tu apite. Hakuna neno la mtu mmoja linaloingia katika neno la mtu mwingine. Yule anayesema ndoto, dereva ananyamaza. Yule wa Kennedy, dada anatoroka. Kamera inaendelea.

Kuko sehemu moja tu ambayo ni tofauti, na nitairudia kesho kwa wenye walilala. Ni ile ya mzee. Anarudi nyumbani na binti yake, anakuta kijana ameingia kuiba, na bastola mkononi. Mzee haiti polisi. Anamuuliza maneno, anaongea naye, wanatoka pamoja wanatembea mtaani, anamwelezea mambo ya waanarshisti. Yule mzee katika maisha yake alikuwa mwalimu wa filozofia kwenye chuo kikuu cha Austin, jina lake Louis Mackey. Sikubaliane na yote anayosema, mambo mengine aliyosifu pale ni ya damu, na sisi hapa tulichagua njia bila silaha. Lakini muangalie tu kijana wa bastola. Aliingia kwa kuiba, na kwa muda kidogo kuko mtu anayemuuliza na kungoja jibu. Sura yake inabadilika. Ni mwizi, na njo mtu aliyesikilizwa kuliko wote katika filme nzima.

Na ile ya mwisho, vijana wanapanda mlima na kamera zao, wanacheka, na kamera inatupwa bondeni. Hapo nyinyi wote, hata wenye walikuwa wanalala, mulipiga kelele kama mtu amekufa. Mwenzetu mmoja akauliza kamera hiyo ni bei gani. Mie nilicheka pia, kisha nikafikiri kwamba tungekuwa nayo, tungejua kupiga sauti ya yule mwenzetu siku alipotaja jina la pahali.

Sasa nakaa. Nilipatana na moderateri jambo moja kwa mazungumzo ya leo: mwenye atachukua neno, aanze kwa kumjibu aliyesema mbele yake, kisha aseme lake. Na kama kuko mtu hapa mwenye ndugu kwenye mashimo upande wa Ituri, aniletee majina ya pahali anapojua, hata yenye hana hakika nayo. Niko na daftari. Nitakuwa pale kwenye mlango mpaka mwisho.